Sardar Vallabhbhai Patel: Kiti Aliwaachia Wengine, Kazi Hakuiacha



Kamati ya kitabu hiki iliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, anayefaa kukumbukwa tunapoadhimisha miaka 75 ya hekalu letu, sikuhitaji muda mrefu wa kufikiri. Mimi si msomi. Masomo yangu yaliishia sekondari, kisha nikaingia nyuma ya kaunta ya duka la baba, na huko ndiko nilikozeekea. Lakini yako maisha ya mtu mmoja niliyoyasikia tangu utoto wangu, kila mwaka, usiku wa Diwali. Baada ya puja ya Lakshmi, vitabu vya hesabu vikishabarikiwa, baba alifunga daftari la mwaka uliopita na kufungua jipya. Kabla hatujagawiwa ladu, alitusimulia sisi watoto hadithi ya tiketi ya meli. Hadithi hiyo ni ya kweli, na mwenye tiketi alikuwa Vallabhbhai Patel, ambaye dunia inamjua kwa jina la Sardar.

Siku hizi wengi wanamfahamu kwa sanamu yake. Tangu mwaka 2018 imesimama kando ya mto Narmada, huko Gujarat, na kwa urefu wake wa mita 182 inapita sanamu zote duniani. Hofu yangu ni kwamba vijana wetu wanaokwenda kupiga picha miguuni pake hurudi wakiukumbuka urefu wa sanamu, bila kumjua aliyechongwa. Basi nitaeleza kwa kadiri nilivyosoma na kusikia.

Mtoto wa Charotar

Vallabhbhai alizaliwa Nadiad, nyumbani kwa wajomba zake, akakulia Karamsad, kijiji cha baba yake Jhaverbhai. Tarehe inayotambuliwa ni 31 Oktoba 1875, lakini tarehe hiyo aliijaza mwenyewe katika fomu ya mtihani, maana wakulima wa zama zile hawakuwa na desturi ya kuandikisha siku ya kuzaliwa. Mama yake aliitwa Ladba. Walikuwa watoto sita, na chakula cha nyumba kilitoka shambani.

Eneo hilo la wilaya ya Kheda huitwa Charotar. Ni uwanda wenye rutuba, nasi wa Afrika Mashariki tunahusiana nao kwa damu. Kutoka vijiji vyake walitoka makarani wa reli, walimu na wenye maduka waliovuka bahari kuja huku mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo maana jina la Patel lilionekana juu ya milango ya maduka kutoka Mombasa hadi Kampala na Mwanza. Sardar, kwa hiyo, ni mtu wa vijiji vile vile walivyotoka wazee wetu wengi.

Shuleni hakuwa mwanga wa ajabu. Alikuwa na miaka 22 alipofaulu mtihani wa kumaliza sekondari, umri ambao wengine walikwisha toka chuo kikuu. Fedha za kwenda chuo hazikuwapo. Aliazima vitabu vya sheria kwa mawakili, akajisomea mwenyewe, akafaulu mtihani wa uwakili wa wilaya. Mwaka 1900 alifungua ofisi Godhra, na vyombo vya nyumba yake ya kwanza alivinunua kwa fedha za mkopo. Miaka miwili baadaye alihamia Borsad, na huko akajipatia sifa katika kesi za jinai. Wanavijiji walimwamini, na mahakimu walijifunza kumheshimu kwa jinsi alivyowahoji mashahidi.

Tiketi ya meli

Wakati huo wote alikuwa na nia moja moyoni, nayo ni kwenda Uingereza kusomea uwakili wa daraja la juu. Aliweka akiba mwaka baada ya mwaka. Hatimaye fedha zilitosha, akawaandikia mawakala wa safari, na majibu yakaja Borsad kwa jina la V. J. Patel.

Sasa, katika mji uleule aliishi kaka yake Vithalbhai, aliyemzidi miaka miwili hivi. Naye alikuwa wakili, na herufi za jina lake zilikuwa zilezile: V. J. Patel. Barua ikaangukia mikononi mwake. Alipoisoma alimwendea mdogo wake, akamweleza kwamba yeye ndiye mkubwa, kwamba watu watasemaje mdogo akitangulia, na kwamba hati hizo, kwa kuwa majina yanafanana, zinaweza kumfaa yeye vilevile.

Vallabhbhai alimpa. Wala hakuishia hapo, kwani alibeba pia gharama za kaka yake kule London. Vithalbhai aliondoka mwaka 1905 na kurudi mwaka 1908 akiwa wakili kamili. Waswahili husema mkubwa ni jalala, lakini katika nyumba hiyo aliyebeba mzigo alikuwa mdogo.

Baba alipofika hapo alikuwa akinyamaza kidogo na kututazama mimi na mdogo wangu, ambao tuligombania baiskeli moja mpaka ikavunjika. Wakati huo nilidhani hadithi imekwisha na maana yake ni kwamba watoto wasigombane. Nimefika miaka ya sitini ndipo nikatambua kwamba tiketi ilikuwa mwanzo tu. Katika maisha yake Vallabhbhai aliombwa mara kadhaa aachie kitu kilichokuwa haki yake. Kila mara aliachia, na kila mara aliendelea na kazi kana kwamba hakunyang'anywa kitu.

Msiba, London na kurudi

Mwanzoni mwa mwaka 1909 mkewe, Jhaverba, alifariki Bombay baada ya kufanyiwa upasuaji. Habari zilimfikia Vallabhbhai mahakamani, akiwa katikati ya kumhoji shahidi. Aliisoma karatasi, akaitia mfukoni, akaendelea na maswali mpaka mwisho, na kesi akashinda. Wengine wamemwona kuwa mtu mwenye moyo wa jiwe kwa sababu ya siku hiyo. Mimi nakumbuka kwamba alikuwa na umri wa miaka 33, akiwa na binti, Maniben, na mvulana, Dahyabhai, wote wadogo, na kwamba hakuoa tena mpaka kufa kwake.

Mwaka 1910 hatimaye alipanda meli. Aliingia Middle Temple, moja ya vyuo vya mawakili vya London. Hakuwa na fedha za vitabu, kwa hiyo kila siku alitembea kwa miguu mwendo mrefu kwenda maktaba na kurudi usiku. Masomo ya miezi 36 aliyamaliza kwa miezi 30. Mwaka 1913 alirudi akafungua ofisi Ahmedabad, akavaa suti za Kizungu zilizokatwa vizuri, na kazi zikamiminika. Jioni alicheza karata katika Gujarat Club. Mwaka 1915 Mohandas Gandhi alirudi kutoka Afrika Kusini na kuanzisha ashram karibu na mji huo. Alipokuja kuzungumza klabuni, Vallabhbhai alibaki kwenye karata zake akimfanyia mzaha.

Mzaha huo haukudumu. Mwaka 1917 alichaguliwa kuingia baraza la manispaa ya Ahmedabad, akakabidhiwa usafi wa mji. Tauni ilipozuka, wenye uwezo walikimbia, naye akabaki na kuzunguka mitaani kusimamia mifereji ya maji machafu. Baadaye, kuanzia 1924 hadi 1928, alikuwa rais wa manispaa hiyo. Nawaomba vijana wasiidharau sehemu hii. Kabla hajaunganisha nchi alishughulika na maji, vyoo na takataka.

Wakulima wa Kheda na Bardoli

Mwaka 1918, baada ya mvua kubwa kuharibu mazao ya Kheda, serikali ya Kiingereza ilidai kodi ya ardhi kama kawaida. Gandhi alihitaji mtu wa kuacha shughuli zake zote na kukaa vijijini na wakulima. Vallabhbhai alijitolea. Wakili yule wa suti alivaa dhoti, akatembea kijiji hadi kijiji, akawashawishi watu wa kwao wasilipe. Baada ya miezi michache serikali ililegeza: asiyeweza kulipa asisumbuliwe. Kuanzia hapo suti hazikurudi tena mwilini mwake, na kazi ile yenye mapato makubwa aliiacha.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1928 katika wilaya ndogo ya Bardoli, karibu na Surat. Kodi ya ardhi ilikuwa imepandishwa kwa asilimia 22. Wakulima walimwomba Vallabhbhai awaongoze. Kwanza aliwapa muda wafikiri, akawaonya kwamba wanaweza kupoteza mashamba, mifugo na hata vyombo vya jikoni. Walipokubali, aliigawa wilaya katika kambi, kila kambi na wasimamizi wake, habari zikachapwa na kusambazwa kila siku, na wanawake wakasimama mstari wa mbele.

Maofisa walikuja kukamata nyati wa maziwa ili wawapige mnada. Watu wakajifungia ndani pamoja na mifugo yao, milango na madirisha yakibanwa mchana kutwa katika joto la kiangazi. Mashamba yalitangazwa kuuzwa, na wanunuzi wakakosekana miongoni mwa majirani. Sisi wafanyabiashara tunajua maana ya jambo hilo. Bidhaa ya bei rahisi imewekwa mbele yako, nawe unapita bila kuigusa kwa sababu ni ya ndugu yako. Mwezi Agosti serikali ilikubali uchunguzi ufanyike, mashamba yarudishwe na wafungwa waachiwe. Uchunguzi huo uliona kwamba nyongeza iliyostahili ilikuwa kama asilimia 6 tu. Ni Bardoli ndipo watu walipoanza kumwita Sardar, yaani kiongozi, na jina hilo likawa lake daima.

Gereza, na kaka

Uhuru uliletwa na watu waliozoea kulala gerezani, na Sardar alikuwa mmoja wao. Mwaka 1930 alikamatwa siku chache kabla Gandhi hajaanza matembezi ya chumvi. Mwaka 1932 na 1933 alifungwa pamoja na Gandhi huko Yerwada kwa muda wa miezi 16. Mwaka 1942 alifungwa tena katika ngome ya Ahmednagar, asitoke mpaka 1945.

Katika kifungo chake cha mwaka 1933 kaka yake Vithalbhai, aliyekuwa Mhindi wa kwanza kuchaguliwa spika wa Bunge Kuu la India, alifariki Uswisi. Mwili uliletwa Bombay kwa meli. Serikali ilikuwa tayari kumwachia Sardar kwa muda ahudhurie mazishi, lakini kwa masharti. Sardar alikataa kutoka gerezani kwa masharti. Kwa hiyo yeye aliyemsafirisha kaka yake kwa fedha zake hakuwapo siku kaka huyo alipochomwa. Kila nikiifikia sehemu hii, nashindwa kuamua kama mimi ningeweza.

Kuna tendo lake jingine ambalo wenye maduka twapaswa kulijua. Wakulima wa Kheda walilazimika kuuza maziwa yao kwa kampuni moja tu, na kwa bei iliyopangwa na kampuni hiyo. Walimwendea Sardar. Aliwashauri waanzishe chama chao cha ushirika, akamtuma Morarji Desai kuwasaidia, na mkutano ukafanyika katika kijiji cha Samarkha Januari 1946. Wakulima waligoma kuuza maziwa kwa siku 15. Desemba mwaka huohuo chama chao kiliandikishwa, kikiongozwa na Tribhuvandas Patel. Leo bidhaa zake zinajulikana kwa jina la Amul.

Kiti cha mbele

Mwaka huohuo wa 1946 ilikuwa dhahiri kwamba Waingereza wanaondoka, na kwamba atakayekuwa rais wa chama cha Congress ndiye atakayeitwa kuunda serikali. Kamati nyingi za Congress za majimbo zilimpendekeza Sardar. Alikuwa na umri wa miaka 70, alikijenga chama kwa mikono yake, na alijua kwamba nafasi nyingine ya namna hiyo haitamjia. Gandhi alimtaka Jawaharlal Nehru. Sardar aliondoa jina lake.

Yamesemwa mengi juu ya siku hiyo, na mpaka leo wako wanaoionea uchungu kwa niaba yake. Lakini tumtazame mwenyewe alifanya nini. Hakuunda kundi la wanung'unikaji. Hakukaa nyumbani kusubiri Nehru ashindwe. India ilipopata uhuru tarehe 15 Agosti 1947 alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, na kutoka kiti hicho cha pili alifanya kazi iliyo kubwa kuliko zote alizowahi kufanya.

India ya Waingereza haikuwa nchi moja. Ndani yake kulikuwa na falme zaidi ya 560, nyingine kubwa kama nchi za Ulaya, nyingine hazizidi vijiji vichache. Kathiawar peke yake, rasi waliyotoka babu za wengi wetu, ilikuwa na zaidi ya 200. Takriban mtu mmoja kati ya wanne wa Bara Hindi aliishi chini ya watawala hao. Waingereza walipoondoka, mikataba yao na wafalme ilikufa, na kila mfalme angeweza kudai kusimama peke yake.

Akisaidiwa na V. P. Menon, katibu hodari wa wizara, Sardar aliwaendea mmoja mmoja. Aliwapa heshima yao, aliwahakikishia posho na mali zao binafsi, na aliwaeleza kwamba raia wao hawatakubali kubaki nyuma. Palipohitajika ukali aliutumia. Kufikia siku ya uhuru karibu wote walikuwa wametia saini. Katika miezi iliyofuata walikubali pia kuunganishwa. Tarehe 15 Februari 1948, mjini Jamnagar, Sardar alizindua muungano wa falme za Kathiawar, uliokuja kuitwa Saurashtra. Mfalme aliyeketi mbele yake kuombwa kiti cha ukoo wake alijua kwamba mwombaji naye amewahi kuachia cha kwake.

Si kila jambo lilikwenda kwa upole. Hyderabad, ufalme mkubwa wa Nizam, ulikataa kujiunga, na Septemba 1948 majeshi ya India yaliingia. Nizam alisalimu amri katika siku chache, lakini watu wa kawaida wengi, hasa Waislamu, waliuawa katika vurugu za siku hizo. Tunapomsifu kiongozi tusiwasahau na hao.

Somnath

Kati ya falme zilizoleta shida, mmoja unahusiana moja kwa moja na sherehe yetu. Nawab wa Junagadh aliamua kujiunga na Pakistan, ingawa raia wake wengi walikuwa Wahindu na ardhi yake ilizungukwa na India. Ghasia zilipozidi alikimbilia Karachi, na tarehe 9 Novemba 1947 India ilichukua utawala. Februari iliyofuata watu walipiga kura ya maoni, na waliochagua Pakistan hawakufika mia moja.

Ndani ya ufalme huo, ufukweni karibu na bandari ya Veraval, yalikuwapo magofu ya Somnath, jyotirlinga ya kwanza kati ya 12 za Bwana Shiva. Hekalu hilo lilivamiwa na Mahmud wa Ghazni mnamo mwaka 1026, na katika karne zilizofuata likabomolewa na kujengwa upya mara kadhaa. Mwaka 1783 Malkia Ahilyabai Holkar alijenga hekalu dogo karibu na hapo ili ibada isikatike.

Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulipenda jina hilo. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba Somnath ilipata umaarufu kwa kuwa ilikuwa bandari ya mabaharia, kituo cha waliosafiri kati ya Sofala katika nchi ya Zanj na China. Zanj ni jina la kale la pwani ya huku kwetu. Basi miaka 1,000 iliyopita mabaharia wa njia ya Afrika walitia nanga chini ya hekalu hilo.

Tarehe 13 Novemba 1947, siku ya mwaka mpya wa Kigujarati, Sardar alifika Somnath. Alishuka hadi ufukweni, akachota maji ya bahari kwa kiganja, akaahidi kwamba hekalu litajengwa upya. Gandhi alikubali, ila alishauri kwamba fedha zisitoke katika hazina ya serikali. Waumini wenyewe wachange. Sardar alilikubali hilo. Udhamini uliundwa, K. M. Munshi akasimamia, na Prabhashankar Sompura, wa ukoo wa wajenzi wa mahekalu, akachora ramani.

Miaka ya mwisho

Kazi hizi zote zilifanywa na mzee mgonjwa, katika nchi iliyojaa wakimbizi na damu ya mgawanyiko. Tena yeye na Nehru hawakupatana katika mambo mengi. Ilifika mahali ambapo mmoja wao alionekana hana budi kuondoka. Tarehe 30 Januari 1948, alasiri, Sardar alikwenda na binti yake Maniben kuzungumza na Gandhi juu ya jambo hilo. Mazungumzo yalirefuka, Gandhi akachelewa maombi yake ya jioni. Dakika chache baada ya kuagana, Gandhi alipigwa risasi.

Sardar ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na wapo waliomlaumu hadharani kwamba hakumlinda. Alikuwa tayari kujiuzulu. Lakini matakwa ya Gandhi siku ile ya mwisho yalikuwa kwamba watu hao wawili wabaki pamoja. Nehru alimwomba abaki, naye akabaki. Mwezi Machi moyo wake ulimshtua kwa mara ya kwanza. Alifanya kazi miaka mingine miwili na zaidi, mara nyingi akiwa kitandani, akivaa nguo za uzi aliousokota Maniben kwa mkono.

Alifariki Bombay tarehe 15 Desemba 1950, akiwa na umri wa miaka 75. Ilipangwa achomwe ufukweni Chowpatty, mahali pa heshima kubwa, lakini Maniben alieleza kwamba baba yake alitaka mahali pa watu wa kawaida, Sonapur, walipochomwa mkewe na kaka yake Vithalbhai. Ikawa hivyo.

Hekalu la Somnath hakuliona likikamilika. Jyotirlinga iliwekwa tarehe 11 Mei 1951 na Rais Rajendra Prasad, miezi mitano baada ya kifo chake.

Sisi na hekalu letu

Wakati wa Somnath kujengwa upya, wazee wetu hapa mjini walikuwa wakipita duka hadi duka na kitabu cha stakabadhi, wakikusanya shilingi za hekalu hili. Wengi wao hawakuishi kuona jengo lilivyo leo. Majina yao yako ukutani, na mengine hayakuandikwa popote.

Nasema wazi kwamba nimeyaandika haya nikijifikiria mwenyewe. Nimekaa katika kamati kwa miaka mingi, pamoja na wenzangu wenye mvi kama zangu. Vijana wetu, wa kiume na wa kike, wamekuwa wakiomba wakabidhiwe hesabu, matengenezo na maandalizi ya sikukuu, nasi kila mwaka tumewajibu kwamba bado. Tumeogopa kwamba tukiachia kiti hatutakuwa na kazi. Maisha ya Sardar yanatukosoa. Kiti kina mtu mmoja, lakini kazi ya hekalu haijawahi kukosa nafasi: ipo jikoni, ipo kwenye viatu mlangoni, ipo kwa wagonjwa wanaohitaji kutembelewa.

Mwaka huu nimeomba jina langu lisipendekezwe tena. Siku ya Diwali, Mungu akipenda, nitakuja mapema kupanga taa, na atakayekuwa mwenyekiti atanielekeza zipangwe wapi.

Bwana Shiva awabariki nyote, pamoja na majirani zetu wa dini zote, na alijalie hekalu letu miaka mingine 75.